Kwa Treni Hadi Mlangoni pa Disneyland Paris

Bustani ya burudani ya Disneyland Paris haiko Paris. Iko mashariki ya jiji hilo, kilomita 32 hivi kutoka katikati, katika mji mpya wa Marne-la-Vallée, mahali ambapo miaka arobaini iliyopita palikuwa na mashamba ya viazisukari na vijiji vichache. Kwa anayeijua Dar es Salaam, ni kama kutoka Posta kuelekea Kibaha.

Mazungumzo ya leo yanahusu safari hiyo ya kilomita 32, na hasa namna ya kuifanya kwa usafiri wa umma, bila teksi, bila gari la kukodi, bila basi maalumu la watalii. Familia nyingi zinazofika Ufaransa kwa mara ya kwanza huitazama ramani, zikaona mbali, zikaogopa, zikatafuta teksi. Teksi hiyo huweza kumeza fedha ambazo zingewalisha watoto siku nzima. Je, hofu hiyo ina msingi? Jibu ni kwamba haina, kwa sababu treni ya kawaida, ile wanayopanda wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi kila asubuhi, inafika hadi mlangoni. Hadi mlangoni kabisa: kutoka stesheni mpaka geti la bustani ni mwendo wa dakika mbili au tatu kwa miguu.

Ilikuwaje reli ya umma ikafika mlangoni pa biashara ya kampuni ya Kimarekani? Hapo pana historia fupi inayofaa kusikilizwa, maana inaeleza kwa nini safari hii ni rahisi kiasi hicho.

Kampuni ya Disney ilipokuwa ikitafuta mahali pa kujenga bustani yake ya kwanza barani Ulaya, Hispania nayo ilikuwa ikiiwania. Hispania ilikuwa na jua na bahari. Ufaransa haikuwa na jua la kujivunia, lakini ilikuwa na kitu kingine: Paris, na mahali ambapo reli na barabara za Ulaya Magharibi zinakutana. Mkataba ulitiwa saini tarehe 24 Machi 1987, aliyetia saini kwa upande wa serikali akiwa Jacques Chirac, waziri mkuu wa wakati huo. Ndani ya mkataba ule serikali ilijifunga kufikisha reli pale. Njia ya treni za abiria iitwayo RER A, ambayo tangu mwaka 1980 ilikuwa ikiishia katika kituo cha Torcy, ingerefushwa hadi kijiji cha Chessy. Na treni ya mwendokasi, TGV, ingepewa stesheni hapo hapo.

Ahadi hizo zilitimizwa. Kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy kilifunguliwa mwanzoni mwa Aprili 1992, siku chache tu kabla ya bustani yenyewe kufungua milango tarehe 12 ya mwezi huo. Stesheni ya TGV ikafuata mwaka 1994. Kwa hiyo wasikilizaji waelewe jambo hili: reli haikuja kuifuata bustani baadaye, kwa kubanwabanwa pembeni. Reli na bustani vilichorwa kwenye ramani moja. Ndiyo maana anayekuja kwa treni hushuka karibu zaidi na geti kuliko anayekuja na gari lake. Mwenye gari hulipa ada ya maegesho, kisha hutembea njia ndefu kutoka kwenye uwanja wa magari. Mwenye treni hupanda ngazi, hutokea nje, na bustani iko mbele yake.

Sasa tuifuate safari yenyewe, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni tiketi, na hapa ndipo wageni wengi wanapokwama, si kwa sababu ya bei bali kwa sababu ya utaratibu. Kuhusu bei, mambo yamekuwa mepesi. Zamani eneo la Paris na vitongoji vyake liligawanywa kwa kanda, na nauli ilipanda kadiri msafiri alivyokwenda mbali. Kwenda Chessy kulihitaji tiketi yake maalumu. Januari 2025 utaratibu huo ulibadilishwa. Ikawekwa tiketi moja ya treni kwa mkoa mzima, euro 2.50, iwe msafiri anakwenda vituo viwili au anavuka mkoa kutoka mwanzo hadi mwisho. Bei hupandishwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, lakini kanuni ni hiyo: nauli moja, karibu au mbali. Viwanja vya ndege tu ndivyo vyenye tiketi yao ya pekee, iliyo ghali zaidi. Mwaka huo wa 2025 ilikuwa euro 13.

Kuhusu utaratibu, tiketi za karatasi zimeondolewa. Msafiri hununua kadi iitwayo Navigo Easy, kwa euro 2, kisha hujaza tiketi ndani yake kwenye mashine au dirishani. Aliyezoea kuweka salio kwenye simu hatapata shida kuelewa. Wenye simu zinazokubali wanaweza kujaza tiketi humo humo.

Lakini kuna jambo moja la kushikwa sana. Kadi moja ni ya mtu mmoja. Fikiria baba mwenye watoto watatu kwenye geti la Gare de Lyon. Amenunua kadi moja, amejaza tiketi nne, akijua ataigonga mara nne, mmoja mmoja apite. Anagonga mara ya kwanza, geti linafunguka, mtoto mkubwa anapita. Anagonga mara ya pili, geti linalia na taa nyekundu inawaka. Mtoto mmoja yuko ndani, baba na wawili wako nje, na nyuma yao foleni ya watu wanaowahi kazini inarefuka. Basi kila mtu awe na kadi yake, mtoto naye kadi yake. Wenye umri chini ya miaka minne hawalipi kitu. Kuanzia miaka minne hadi kabla ya kutimiza kumi, kuna tiketi za nusu bei, ila ziombwe hivyo wakati wa kununua.

Na jambo la pili: kadi isitupwe chini ya begi baada ya kuingia. Kwenye vituo vya RER hugongwa kuingia na hugongwa kutoka. Wakaguzi nao hupita ndani ya treni au husimama kwenye njia za kutokea, na asiye na tiketi halali hutozwa faini papo hapo. Kisingizio cha ugeni hakiwapunguzii ukali.

Je, tiketi ya kurudi inunuliwe lini? Inunuliwe asubuhi, pamoja na ya kwenda. Sababu itaonekana mbele.

Hatua ya pili ni kuijua treni yenyewe. Njia ya RER A inapita katikati ya Paris kutoka magharibi hadi mashariki, ikisimama kwenye vituo vikubwa vinavyojulikana: Charles de Gaulle–Étoile chini ya lile tao maarufu la ushindi, Auber karibu na jumba la opera, Châtelet–Les Halles, Gare de Lyon, Nation. Popote mgeni alipolala mjini, treni za chini ya ardhi zinaweza kumfikisha kwenye kimoja cha vituo hivyo. Akiwa na uchaguzi, Châtelet–Les Halles si mahali pa kuanzia na watoto wadogo. Ni kituo kikubwa mno, chenye njia za chini kwa chini zinazozungukana, umati usiokatika, na vibaka wanaojua kumtambua mgeni aliyeinama kusoma ramani. Gare de Lyon au Nation ni afadhali: njia ni fupi zaidi na alama zinaonekana.

RER A ni miongoni mwa njia za treni zinazobeba watu wengi zaidi Ulaya. Kwa siku ya kazi hupakia abiria zaidi ya milioni moja. Ndiyo maana treni zake ni za ghorofa mbili. Ndiyo maana pia saa ya kuondoka ina uzito. Kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, siku za kazi, mabehewa hujaa watu wamesimama bega kwa bega, hasa katikati ya jiji. Familia yenye kigari cha mtoto itangulie kabla ya hapo, au isubiri msongamano upungue.

Na sasa jambo ambalo linastahili kurudiwa mara mbili, hata tatu. Njia ya RER A ina matawi. Ikitoka Nation kuelekea mashariki inafika kituo cha Vincennes, na hapo inagawanyika. Tawi moja linakwenda Boissy-Saint-Léger. Tawi jingine linakwenda Marne-la-Vallée–Chessy. Treni za matawi yote mawili husimama kwenye jukwaa moja, zina rangi moja, zinafanana kama mapacha. Anayepanda bila kuangalia anaweza kujikuta Boissy, kusini-mashariki mwa Paris, watoto wakiuliza mbona hawaioni ile ngome ya Disney.

Basi ataijuaje treni yake? Juu ya jukwaa kunaning'inia ubao mrefu wenye majina ya vituo. Pembeni mwa kila kituo ambacho treni inayokuja itasimama, taa huwaka. Pasipo taa, treni haisimami. Msafiri atafute jina la mwisho, Marne-la-Vallée–Chessy, aangalie kama lina taa. Lina taa? Apande. Halina? Aiache ipite, nyingine inakuja baada ya dakika chache. Kuna alama ya pili, ndogo, ambayo wenyeji huitumia bila kufikiri: kila treni ina jina la herufi nne lililoandikwa mbele yake, na treni za Chessy huanzia na herufi Q, kwa mfano QIKY. Zinazokwenda Boissy huanzia na N. Majina hayo hayana maana ya kutafutwa kwenye kamusi, ila herufi ile ya kwanza inasema treni inakokwenda.

Baadhi ya treni za tawi la Marne-la-Vallée huishia njiani, Torcy au kabla yake. Hilo halina madhara. Msafiri hushuka mahali inapoishia, husubiri kwenye upande huo huo wa kwenda mashariki, na kupanda inayofuata. Kosa la Torcy hugharimu robo saa. Kosa la Boissy hugharimu asubuhi nzima. Kwa hiyo, kwa mara nyingine: kabla ya Vincennes, ubao utazamwe, taa ya Chessy iwe inawaka.

Safari kutoka katikati ya jiji huchukua dakika arobaini hivi, na si dakika za kupotea bure. Baada ya Vincennes treni inatoka kwenye mahandaki na mwanga unaingia. Anayekaa ghorofa ya juu huona paa za nyumba, bustani za nyuma ya nyumba, nguo zilizoanikwa kwenye roshani za maghorofa. Baada ya kituo cha Neuilly-Plaisance treni inavuka mto Marne, maji ya kijani yaliyotulia na miti iliyoinama kando, na huo ndio mto uliolipa eneo zima jina lake. Kisha vinafuata vituo vya Noisy, Noisiel, Lognes na Torcy, mji mpya uliopangwa na serikali kuanzia miaka ya 1960 ili kuipunguzia Paris mzigo wa watu. Waliomo ndani ya behewa nao hubadilika. Wenye mikoba ya ofisi hushuka mmoja mmoja, na wanaobaki ni watoto waliovaa masikio ya panya. Kuanzia Bussy-Saint-Georges na kuendelea, Kifaransa, Kiarabu, Kihispania, Kilingala na lugha nyingine husikika vikichanganyika. Mtu anayependa kuwajua watu wa Paris hupata mengi kwenye dakika hizo arobaini, na hiyo ni faida ambayo kioo cha teksi hakiitoi.

Kituo cha kabla ya mwisho ni Val d'Europe, kilichofunguliwa mwaka 2001. Hapa mgeni wa bustani hashuki, lakini inafaa akijue. Pana jengo kubwa la maduka lenye supamaketi, na hoteli ambazo mara nyingi bei zake ni nafuu kuliko zile za ndani ya eneo la Disney. Anayelala hapo yuko kituo kimoja tu kutoka getini. Anayetaka kununua maji, matunda na mkate kwa bei ya kawaida, hapo ndipo mahali pake. Chakula ndani ya bustani ni ghali, na familia ya watu watano itaihisi bei hiyo kabla jua halijafika utosini.

Kisha kituo cha mwisho, Chessy. Hakuna cha kukosea: treni haiendi mbele zaidi, wote wanashuka. Kadi zinagongwa, ngazi zinapandwa, na nje kuna uwanja mpana. Mabegi hukaguliwa kwanza, kama uwanja wa ndege. Masanduku makubwa ya safari hayaruhusiwi ndani ya bustani, ila kuna mahali pa kuyaweka kwa malipo. Baada ya ukaguzi kuna bustani mbili, ile kuu ya mwaka 1992 na ya pili iliyoongezwa mwaka 2002, na kila moja ina tiketi yake ya kuingilia. Tiketi hizo zinunuliwe mapema kwa intaneti, kwa siku maalumu. Anayetegemea kununua getini anaweza kukuta siku imejaa.

Na je, yule anayetoka moja kwa moja uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle? Yeye ana njia mbili. Ya kwanza ni TGV. Stesheni yake iko ndani ya uwanja, kwenye Terminali 2, na mwendo hadi Chessy ni dakika kumi tu. Dakika kumi! Lakini treni hizo haziondoki kila mara kama RER. Kati ya moja na nyingine huweza kupita muda mrefu, na tiketi yake hununuliwa peke yake, kwa treni maalumu na saa maalumu. Ndege ikichelewa, tiketi ya bei nafuu huweza kupotea. Njia ya pili ni kupanda RER B, njia dada ya RER A, hadi Châtelet–Les Halles, kisha RER A. Hiyo ni ndefu, zaidi ya saa moja na nusu ukijumlisha kusubiri, lakini treni zipo kila wakati. Mwenye ndege inayotua asubuhi na mizigo michache atazame ratiba ya TGV kwanza. Wengine wengi hufanya vyema kulala mjini na kwenda kesho yake wakiwa wamepumzika.

TGV ina faida nyingine kubwa zaidi kwa wakazi wa Ufaransa yenyewe. Njia yake pale Chessy inaizunguka Paris kwa nje, kwa hiyo treni za kutoka Lille, Lyon au Marseille zinasimama mlangoni pa bustani bila kuingia jijini. Familia yenye asili ya Ngazija inayoishi Marseille, na ziko nyingi, hupanda treni nyumbani ikashuka Disneyland bila kubadilisha. Kampuni ya reli ilipoanzisha treni zake za bei rahisi, Ouigo, mwaka 2013, stesheni iliyoteuliwa kwa upande wa Paris ilikuwa hii hii ya Marne-la-Vallée.

Ipo pia hatari ambayo haipaswi kufichwa. Ni migomo na matengenezo. Wafanyakazi wa reli Ufaransa wana mazoea ya kugoma, na hata siku ile ya ufunguzi mwaka 1992 treni za kwenda bustanini zilikumbwa na mgomo. Matengenezo nayo huja hasa wakati wa kiangazi, jioni na mwishoni mwa wiki. Kuanzia mwaka 2015 sehemu ya kati ya RER A ilifungwa kwa majuma kadhaa kila kiangazi, miaka mfululizo, ili reli zibadilishwe. Habari njema ni kwamba mambo haya hutangazwa kabla. Kuangalia tangazo usiku wa kuamkia safari ni kazi ya dakika tano.

Inabaki kurudi. Kurudi ndiko kunakosahaulika, kwa sababu asubuhi akili yote iko kwenye kufika. Usiku bustani hufanya onyesho la taa na fataki juu ya ngome, na likiisha, maelfu ya watu hugeuka kwa pamoja kuelekea kituo kile kimoja. Mashine za tiketi hufunikwa na umati. Hapo ndipo inapoeleweka faida ya tiketi iliyonunuliwa asubuhi: mwenye nayo hupita pembeni, hugonga kadi, hushuka jukwaani.

Na saa isomwe kwa makini. Mbao za Ufaransa huandika saa kwa mtindo wa ishirini na nne, kuanzia usiku wa manane, si kwa hesabu ya Kiswahili inayoanzia mapambazuko. Ubao ukisema 22:10, ni saa nne na dakika kumi usiku. Ukisema 23:40, ni saa tano na dakika arobaini. Na ukisema 0:15, hiyo ni saa sita na robo usiku, na treni za mwisho huondoka karibu na saa hizo. Baada yake hakuna treni mpaka alfajiri. Ni busara kutolenga treni ya mwisho kabisa.

Kwa kuwa Chessy ni mwanzo wa njia, treni huingia tupu na viti vipo. Asiyebahatika na ya kwanza asimame pembeni, aiache ipite, asubiri ya pili. Watoto waliotembea tangu saa tatu asubuhi wanahitaji kiti kuliko wanavyohitaji dakika kumi. Safari hii hakuna haja ya kuchungulia taa za ubao, maana kila treni ya RER A inayotoka Chessy inaelekea Paris. Matawi ya upande wa magharibi yapo, ila huanza mbele sana, baada ya jiji kupitwa. Msafiri ahesabu vituo tu: Vincennes, Nation, Gare de Lyon. Aliyelala usingizi abebwe begani, kofia yake ya masikio isisahaulike kitini, na kadi yake ishikwe na mkubwa, kwa kuwa itagongwa tena kwenye geti la kutokea.